Kiti Kisicho na Namba

Kwenye jengo la kwanza la uwanja wa Julius Nyerere, Dar es Salaam, lile kongwe ambalo ndege ndogo bado zinalitumia, utakabidhiwa kadi ya kupandia yenye jina la uendako na saa ya kuondoka. Namba ya kiti haimo. Abiria aliyezoea ndege kubwa huigeuza kadi mbele na nyuma, kisha hurudi kaunta kuuliza, na dada wa kaunta humjibu bila kuinua kichwa: "Utakaa popote, kaka." Hapo ndipo wengi wanapokosea. Wakisikia "popote" wanadhani viti vyote ni sawa, kumbe wameambiwa tu kwamba hakuna wa kuwachagulia.

Ninazozizungumzia ni Cessna Caravan na ndugu zake, zinazopeleka watu Unguja, Pemba, Mafia, Arusha na Serengeti. Safari zenyewe ni fupi. Dar hadi Unguja ni kama dakika 20. Utauliza, dakika 20 nazo ni za kuchagulia kiti? Nasema ndiyo, tena kuliko safari ya saa nane. Kwenye jeti unapanda juu ya mawingu, unashusha kipazia cha dirisha, unalala. Kwenye Caravan uko chini kiasi cha kuona ngalawa na kivuli chake juu ya mchanga, na kila hewa inapoyumba unaisikia tumboni.

Anza kwa kuijua ndege yenyewe. Injini ni moja, iko puani. Mabawa yako juu ya paa, kwa hiyo hayamzibii mtu kuona chini. Magurudumu hayakunjwi. Mlango wa abiria uko nyuma, upande wa kulia, na ngazi ni sehemu ya mlango huo huo. Ndani mna viti kama 12, mara nyingi upande mmoja kimoja kimoja na upande wa pili viwili viwili, na kati yake njia nyembamba ambayo mtu mzima haipiti bila kuinama. Choo hakuna, wala makabati ya mizigo juu ya vichwa. Begi kubwa huwekwa nyuma kwenye wavu, au kwenye sanduku lililofungwa chini ya tumbo la ndege.

Mlango kuwa nyuma kunageuza hesabu yote ya foleni. Anayeingia wa kwanza ndiye anayekwenda mbele, maana akikaa karibu na mlango atawazibia njia wenzake, na mhudumu atamwambia asogee. Anayeingia mwisho hukuta zimebaki safu za nyuma. Kwa hiyo ukitaka mbele, jina la safari yako likitajwa simama karibu na yule kijana mwenye kizibao kinachong'aa, kwa sababu yeye ndiye atakayewatembeza hadi kwenye ndege. Ukitaka nyuma, huna haja ya kusumbuka: maliza soda yako, uwe wa mwisho. Nimeona watu wakisukumana kwenye lami, kila mmoja akitaka awe wa kwanza, kisha wa kwanza huyo huyo akalalamika kwamba kasukumiziwa mbele kwenye kelele za injini. Hii si daladala ya Mbagala saa kumi na mbili jioni, ambapo begi hutangulizwa dirishani kushika nafasi na mwenyewe akafuata.

Kama huna tatizo lolote la tumbo wala goti, na unataka jibu la haraka, basi chukua kiti cha peke yake, safu ya tatu au ya nne. Kiti cha peke yake kina dirisha upande mmoja na njia upande wa pili. Hakuna wa kumruka, hakuna wa kukulalia begani. Kule Marekani, shirika la Southwest, lililoanza kuruka mwaka 1971, liliwaacha abiria wake wajikalie kwa zaidi ya miaka 50 kabla ya kutangaza mwaka 2024 kwamba linauacha utaratibu huo. Vita kubwa ya abiria wake ilikuwa kukikwepa kiti cha katikati ya watu wawili. Sisi kwenye hizi ndogo balaa hilo hatunalo, isipokuwa kwenye ndege ambazo safu ya mwisho ni benchi la watatu. Hilo likwepe.

Sasa, kabla hujajipangia mno, jua kwamba juu yako kuna rubani. Ndege hii ikijaa watu, mizigo na mafuta haifiki tani nne. Ndiyo maana mizigo hupimwa kwa ukali, mara nyingi kilo 15 kwa mtu na iwe kwenye begi laini, na ndiyo maana wakati mwingine na wewe mwenyewe utapandishwa kwenye mzani. Usione haya, hakuna anayeandika namba hiyo gazetini. Nahodha wa jahazi analijua jambo hili bila kwenda darasani: magunia hayapangwi yote tezi, yaani nyuma, wala yote omo, yaani mbele. Rubani naye huangalia nani mzito, nani mwepesi, mtoto yuko wapi, kisha husema, "Mzee, naomba uhamie mbele kidogo." Hapo hapana mjadala. Hata kama kiti ulichokipata ulikipigania tangu kaunta, inuka uhame. Vivyo hivyo, ndege ikishapaa usihame kwa hiari yako kwa sababu umeona kiti cha mwenzio kina dirisha safi zaidi.

Nimetaja tezi na omo, nami nina la kuungama. Wahenga walisema hata ukienda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Msemo huo kwa kawaida tunautumia kwa mambo mengine kabisa, lakini mwenye tumbo jepesi auchukue kama ulivyo, herufi kwa herufi. Mwezi wa saba mwaka mmoja, upepo wa kusi umechachamaa, nilikuwa nakwenda Pemba kwa ndege ya saa nane mchana. Niliingia wa mwisho, nikakaa nyuma kabisa, bega likigusa wavu wa mizigo. Unguja hata hatujaimaliza, ule mkia ulikuwa unakwenda huku na huku kama mkia wa tiara. Mama mmoja wa makamo aliyekaa mbele yangu, bila kugeuka, alinipitishia mfuko wa karatasi juu ya bega lake. Sijui alijuaje. Nilimshukuru tulipotua Chake Chake, akaniambia, "Mwanangu, mkiani hakai mtu na chakula tumboni."

Sababu yake ni nyepesi. Ndege inapotikisika huchezea pale uzito wake ulipokaa sawa, yaani maeneo ya bawa, kama ubao wa bembea unavyochezea kwenye gogo la katikati. Aliye katikati anapanda na kushuka kidogo. Aliye mwishoni anarushwa. Kwenye Caravan bawa limepita juu ya safu za mbele na za kati. Huko ndiko ngamani, katikati ya chombo. Ukikaa hapo, tazama mbali, pale bahari au nchi inapokutana na mbingu, wala usisome ujumbe kwenye simu. Lakini kuna jambo kubwa kuliko kiti, nalo ni saa. Nchi kavu ikishapigwa na jua, hewa ya moto hupanda na kuisukuma ndege kutoka chini. Kwa hiyo Arusha kwenda Serengeti saa mbili asubuhi na saa nane mchana ni safari mbili tofauti. Kiti kizuri cha mchana kinashindwa na kiti kibaya cha asubuhi. Kama una mtoto anayetapika, tumia ujanja wako wote siku ya kukata tiketi, si siku ya kupanda.

Bahati mbaya, tumbo na jicho havikubaliani. Kwenye safu za mbele, kila ukitazama nje unakuta ile nguzo ya chuma inayoshika bawa, na chini yake gurudumu. Wapo wanaolipenda gurudumu hilo kwenye picha, mimi silipendi. Mwenye kutaka picha safi ya maji na miamba arudi safu mbili tatu nyuma ya nguzo, akubali kutikisika. Kabla ya kukaa, chungulia dirisha: viti haviendani na madirisha kila mahali, na ukikosa bahati utasafiri ukitazama ukuta wa plastiki. Halafu usiegemeze simu kwenye kioo, kwa maana ndege inatetemeka na picha itatetemeka nayo. Shati jeupe nalo hujionyesha kwenye kioo. Siku ya picha vaa la rangi nzito.

Na upande je? Hapa ndipo kujua njia kunapolipa. Kutoka Dar kwenda Unguja ndege inaelekea kaskazini karibu moja kwa moja. Kulia utaviona visiwa vya Bongoyo na Mbudya, kushoto pwani ya bara ikikunja kuelekea Bagamoyo, na ukikaribia Unguja, kushoto tena, kisiwa cha Chumbe na mnara wake wa taa uliojengwa mwaka 1904. Kurudi, geuza. Ukitoka Unguja kwenda Pemba, kisiwa cha Mnemba huwa kushoto. Kutoka Dar kwenda Mafia kaa kulia, uione delta ya Rufiji, mito ikijigawa ndani ya mikoko kama mishipa ya mkono wa mzee. Humo ndimo meli ya kivita ya Wajerumani, Königsberg, ilipojificha na kuishia mwaka 1915, na ukiitazama delta kutoka juu unaelewa kwa nini waliokuwa wakiiwinda walihangaika. Anayetoka Arusha kwenda Zanzibar akae kushoto, upande wa Kilimanjaro. Anayekwenda Arusha, kulia. Asubuhi na mapema mlima huonekana, baadaye hujifunika. Arusha kwenda Seronera, ndani ya Serengeti, kuna mgogoro: kreta ya Ngorongoro iko kushoto, mlima Ol Doinyo Lengai kulia. Mimi huchukua kushoto nikienda na kulia nikienda tena siku nyingine, na bado Lengai imenifichia uso mara zote. Ndege ikipitia Manyara kushusha watu, mahesabu haya yote hubadilika kidogo.

Jua nalo lihesabu. Asubuhi, kwenda Unguja, jua liko kulia. Litakuchoma shavu, na zaidi ya hapo litayageuza maji kuwa bati jeupe. Rangi za miamba, ule ubuluu na ukijani watu wanaousafiria, huonekana ukiwa umelipa jua mgongo. Kwa hiyo asubuhi kushoto, jioni kulia, kwa mtu anayetaka maji. Anayetaka Bongoyo na Mbudya asubuhi avae miwani.

Kisha upepo. Jambo hili sijaona mtu akilizungumza, ingawa kwa watu wa pwani lilipaswa kuwa la kwanza. Ndege hutua ikiukabili upepo. Uwanja wa Abeid Amani Karume, Unguja, njia yake imenyooka kaskazini na kusini. Wakati wa kaskazi, kuanzia Desemba hadi Machi hivi, ndege inayotoka Dar huingia moja kwa moja kutoka kusini na kutua, na Mji Mkongwe huuoni vizuri, kwa sababu uko mbele zaidi. Wakati wa kusi, miezi ya katikati ya mwaka, ndege huupita uwanja, inazunguka huko kaskazini, kisha inarudi ikitazama kusini ili itue. Katika mwendo huo wa mwisho Mji Mkongwe unakuwa magharibi yako, yaani kulia: mapaa ya bati yaliyosongamana, minara ya misikiti, minara miwili ya kanisa la Kikatoliki, na majahazi bandarini. Kwa anayeondoka Unguja wakati wa kaskazi, ndege hupaa kuelekea kaskazini, na mji huwa kushoto kabla haijageuka. Wakati wa tangambili, pepo hizo zinapopokezana, hakuna ahadi. Tazama ule mfuko wa upepo uwanjani au bendera yoyote iliyo karibu, kisha amua.

Lipo pia swali ambalo kila mtu anataka kuuliza na anaona aibu: kiti kilicho pembeni ya rubani. Kwenye safari za rubani mmoja, baadhi ya makampuni humruhusu abiria kukaa hapo. Mengine hayaruhusu, na mengine huruka na marubani wawili, basi hapo hakuna la kuomba. Anayeamua ni rubani, si mhudumu wa kaunta. Mwombe chini, kabla ya kupanda, kwa heshima na mara moja tu: "Kapteni, shikamoo. Kile kiti cha mbele kina mtu leo?" Akisema kina mtu, kina mtu, hata kama kitaruka kitupu. Akikubali, kaa ukijua kwamba mbele yako kuna usukani unaojisogeza wenyewe na miguuni kuna pedali. Miguu irudishe nyuma, begi liache nyuma, mikono iweke mapajani. Maneno yako yahifadhi wakati wa kupaa na wa kutua. Ni kiti bora kuliko vyote kwa anayependa kutazama, na ni kibaya kuliko vyote kwa mwoga, kwa sababu unaona kila kitu, pamoja na ufupi wa njia.

Mambo madogo niyapitie haraka. Mwenye miguu mirefu achungulie safu ya mwanzo kabisa nyuma ya rubani, lakini asiiamini mpaka aione, maana kila ndege imefungwa viti kwa namna yake. Kelele huzidi mbele, karibu na injini. Joto huwa kali mlango ukishafungwa na ndege bado iko chini. Tafuta kile kitundu cha hewa juu ya kichwa chako uhakikishe kinafunguka. Masikio hayana kiti. Ndege hizi haziongezi hewa ndani kama jeti, kwa hiyo mwenye mafua mazito atayasikia popote atakapokaa. Meza mate, tafuna kitu, mtoto mchanga anyonyeshwe ndege inaposhuka. Na msalani nenda kabla ya kuondoka. Arusha hadi Zanzibar ni zaidi ya saa moja, na hakuna kiti kitakachokusaidia kwa hilo.

Ukiwa na watoto, usisubiri kugombea. Mwambie mhudumu mapema kwamba mko wanne na mngependa kuingia pamoja. Mara nyingi watawatanguliza. Bibi au babu mwenye magoti mabovu asipelekwe mbele kwa heshima ya uongo, kwa maana ataikwea ile njia nyembamba akiwa ameinama mwendo mzima. Mkalishe karibu na mlango, na kama kijana amekwishakaa hapo, mwambie. Sijapata kuona kijana akikataa. Kiti usikishike kwa kuweka kanga au kofia kwa ajili ya rafiki aliye bado kwenye mzani. Ndege ina watu 12, kila mtu anakuona.

Mkishakaa, kabla ya simu, fanya mambo mawili ambayo asilimia kubwa ya tunaokwenda visiwani huyapuuza. Tafuta jaketi la kuokolea liko wapi, chini ya kiti au kwenye mfuko mbele yako, na kumbuka halijazwi upepo mkiwa bado ndani. Halafu hesabu safu kati yako na mlango, na umtazame anayeufunga: mkono anauzungusha upande gani? Ukiwa mbele kabisa, milango ya marubani iko karibu nawe kuliko ule wa nyuma.

Safari zinazotua njiani zina neema yake. Abiria wakishuka kituo cha kwanza, viti hubaki vitupu, na rubani akiulizwa vizuri huruhusu mtu kuhama, mradi uzito ukae sawa. Aliyekosa dirisha Arusha anaweza kulipata Manyara, na sehemu nzuri zaidi ya njia bado iko mbele yake.

Kwa hiyo ukiwa Dar mwezi wa sita au wa saba na unakwenda Unguja kwa ndege ya jioni, kaa kulia, nyuma kidogo ya ile nguzo, na simu iwe tayari ndege inapoanza kuzunguka. Mji Mkongwe utapita chini ya dirisha lako, na muda mfupi baadaye magurudumu yatagusa lami.